Nilifundisha bima darasani, nikaikosea nyumbani kwangu

Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya wanafunzi wa somo la Biashara nikiwafundisha kanuni za bima. Niliwaandikia ubaoni, kwa mwandiko wa kupendeza, kwamba mkataba wa bima ni mkataba wa uaminifu kamili. Kwamba aombaye bima sharti aseme yote ayajuayo kuhusu kile anachotaka kukikinga, hata yale asiyoulizwa. Na kwamba fidia si faida, bali ni kumrejesha aliyepatwa na msiba pale alipokuwa kabla ya msiba huo. Waliyaandika, wakayakariri, wakayajibu katika mtihani, na wengi wao wakapata alama za kuridhisha. Mimi mwenyewe, siku nilipotahiniwa katika mada hiyo hiyo, nilianguka.

Naandika haya si kwa kupenda kujianika hadharani. Naandika kwa sababu najua kwamba miongoni mwa walimu wenzangu wasomao ukurasa huu wamo wengi ambao mishahara yao haifiki mwisho wa mwezi bila kusaidiwa na biashara fulani iliyo nyumbani: cherehani iliyo barazani, mashine ya kuangulia vifaranga iliyo katika chumba cha wageni, tanuri la mikate lililo nyuma ya jikoni. Aidha wamo wanafunzi ambao karo yao hulipwa na biashara kama hizo. Ikiwa kosa langu litamfunza hata mmoja wao, basi halikupotea bure.

Sisi twakaa karibu na soko la Nyamarambe, huku Mugirango Kusini, katika kaunti ya Kisii. Mke wangu alianza na cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu. Alishona kaptura na sketi za shule mbili za msingi zilizo jirani. Wazazi walipoipenda kazi yake, akanunua mashine ya kufuma sweta, kisha ya pili, na hatimaye cherehani ya stima. Chumba chetu cha mbele, ambacho tulikijenga kwa ajili ya wageni, kikageuka karakana. Binti wa shemeji yangu, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, akaja kujifunza kazi na kulipwa kidogo kila wiki. Kufikia Januari ya kila mwaka, chumba kile kilijaa nyuzi za rangi ya kijani, ya samawati na ya damu ya mzee hadi mlango ukakataa kufunguka sawasawa.

Ni mke wangu aliyelitaja jambo la bima kwanza. Alikuwa amesikia kwamba duka fulani mjini Kisii limeungua na mwenyewe hakuwa na kinga yoyote. Akaniambia, "Mwalimu, wewe ndiwe unayefundisha mambo haya. Tutafutie bima." Nikafurahi kwa kutambuliwa hivyo, nikajitwika kazi ile.

Wakala aliyetujia alikuwa kijana mwenye adabu na maneno mengi. Alinionyesha mkataba uitwao bima ya nyumba. Wengi wetu tumeuona: umegawanywa katika sehemu, ya kwanza ikihusu jengo lenyewe, ya pili vyombo vilivyomo ndani, ya tatu vitu vya thamani vinavyobebwa huku na huku, kisha watumishi wa nyumbani, na mwisho dhima ya mwenye nyumba au mpangaji kwa watu wengine. Nilichagua sehemu ya pili peke yake kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nafuu. Nikakadiria vyombo vyetu kuwa vya shilingi 200,000, nikiitaja hesabu hiyo kwa sababu ni rahisi kutamka na si kwa sababu nilikuwa nimehesabu.

Kisha tukafika kwenye swali lililouliza ikiwa nyumba hii, au sehemu yake yoyote, inatumiwa kwa biashara. Wakala alinitazama, nami nikamtazama. Sauti ya mashine ya kufuma ilikuwa ikisikika kutoka chumba cha pili. Akasema kwa upole kwamba nikijibu ndiyo, mkataba huu hautafaa, itabidi tuchukue mwingine ulio ghali zaidi. Akaweka alama kwenye neno "La", akanisogezea kalamu. Nami nikatia sahihi. Sikumlaumu wakati ule, na siwezi kumlaumu leo kana kwamba ni yeye pekee aliyekosea. Sahihi ni yangu. Mke wangu sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba sasa tumekingwa.

Usiku mmoja wa Aprili mwaka wa 2018, wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa kwa muhula wa pili, mvua ilinyesha kama inavyonyesha Gusii wakati wa masika. Aliyelelewa katika milima hii hahitaji kuelezwa habari za radi. Ilipiga karibu, taa zikazimika, na punde si punde tukanusa moshi. Moto ulikuwa umeanzia penye nyaya za karakana, na nyuzi zikaupokea kama makuti makavu. Majirani walikuja na ndoo na mchanga. Walifanikiwa kuviokoa vyumba vya kulala na jikoni. Karakana iliteketea, na sebule iliyopakana nayo ikaharibika vibaya. Binti yule wa shemeji, katika kujaribu kuvuta bunda la sweta zilizokuwa tayari, aliungua mkono wa kulia kuanzia kiwiko hadi vidoleni.

Kulipopambazuka tulihesabu. Mashine mbili za kufuma, shilingi 70,000. Cherehani mbili, shilingi 30,000. Nyuzi na vitambaa, shilingi 46,000. Sweta 60 zilizokamilika, kwa shilingi 700 kila moja, shilingi 42,000. Jumla ya mali ya biashara ilikuwa shilingi 188,000, bila kutaja arbuni za wazazi ambazo zilikuwa zimekwisha kutumiwa kununulia nyuzi hizo hizo. Upande wa sebule, viti, kabati la vitabu, televisheni na vinginevyo, hasara ilikuwa shilingi 80,000. Mke wangu hakulia. Alisema, "Afadhali tuna bima."

Mkadiriaji wa hasara alifika siku ya sita. Alikuwa mzee mpole, mwenye kuvua kofia kabla ya kuingia katika nyumba ya watu, hata nyumba isiyo na paa. Alisimama katikati ya karakana, akatazama vyuma vya mashine vilivyokunjamana, akauliza, "Mwalimu, hapa palikuwa nyumba au kiwanda?" Kisha akafungua faili lake, akaisoma fomu yangu kwa sauti, swali baada ya swali, pamoja na jibu lililokuwa chini ya sahihi yangu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona akinitazama, na tangu siku hiyo sijapata kuusahau utazamaji ule.

Barua ya kampuni ilipokuja, ilisema kwa lugha ya kisheria mambo ambayo ningeweza kuyaeleza ubaoni nikiwa nimefumba macho. Mali ya biashara haimo katika mkataba wa bima ya nyumba, kwa hiyo shilingi 188,000 zile hazilipwi hata senti moja. Kwa kuwa swali la msingi lilijibiwa visivyo, kampuni ilikuwa na haki ya kuukana mkataba wote. Lakini kwa hisani, na kwa kuwa chanzo cha moto kilikuwa radi na wala si kazi ya karakana, ingelipa sehemu ya vyombo vya sebule.

Hata sehemu hiyo haikulipwa yote, na hapa nawaomba wanafunzi wachukue kalamu. Mkadiriaji aligundua kwamba vyombo vyetu vyote vya ndani, vilivyoungua na visivyoungua, vilikuwa na thamani ya shilingi 320,000. Mimi nilikuwa nimevikatia bima ya shilingi 200,000, yaani sehemu tano kati ya nane. Kanuni ya uwiano yasema kwamba mtu aliyekata bima pungufu huhesabiwa kuwa yeye mwenyewe ndiye mdhamini wa sehemu iliyobaki. Kwa hiyo hasara ya 80,000 ilizidishwa kwa tano na kugawanywa kwa nane, ikawa 50,000. Hapo ikaondolewa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kila mwenye bima huibeba mwenyewe, shilingi 5,000. Tukapokea 45,000. Paa la nyumba, kwa kuwa sikuichagua sehemu ya jengo, tuliliezeka kwa mkopo wa chama cha ushirika.

Na binti je? Mkataba wetu haukuwa na sehemu ya watumishi, na hata ungekuwa nayo ingewahusu watumishi wa nyumbani, si mfanyakazi wa karakana. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 kuhusu mafao ya wanaoumia kazini humtaka kila mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, na humhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Nilikuwa naijua sheria hiyo. Sikuwa nimefikiria kamwe kwamba mimi, mwalimu wa kawaida wa Nyamarambe, ni mwajiri. Gharama za hospitali tulizilipa sisi, lakini vidole viwili vya binti yule havikunjuki sawasawa hadi leo, na hakuna bima ya kuliangalia hilo. Kila nikimwona akishika sindano kwa mkono wa kushoto, najua ni deni la nani.

Wanafunzi huniuliza mara kwa mara kanuni hii ya uaminifu kamili ilitoka wapi. Mizizi yake yaonekana vizuri katika kesi moja ya Uingereza ya mwaka 1766, kati ya Carter na Boehm. Carter alikuwa gavana wa ngome moja ya Waingereza katika kisiwa cha Sumatra. Alikata bima ili ikiwa adui kutoka Ulaya ataiteka ngome ile, alipwe. Mnamo 1760 Wafaransa wakaiteka. Boehm, aliyeidhamini, akakataa kulipa akidai kwamba Carter alimficha udhaifu wa ngome ile. Jaji Mkuu Mansfield alieleza kwamba bima ni mkataba wa kubahatisha, ambamo habari nyingi za msingi zimo katika akili ya anayeomba kinga pekee, na mdhamini humtegemea yeye kuzijua. Kwa hiyo haifai azifiche. Lakini katika kesi ile alimpa ushindi Carter, kwa kuwa mambo yenyewe mdhamini aliyajua au angeweza kuyajua akiwa kwao London. Kanuni hiyo, basi, humfunga mwombaji na humfunga pia mdhamini. Mimi ningependa kujitetea kwamba wakala aliisikia mashine ikilia. Hata hivyo Carter alinyamaza tu, ilhali mimi nilitia sahihi chini ya uongo.

Baada ya msiba ule mke wangu alisema kwamba biashara itaanza tena, na kwamba bima tutaichagua pamoja, yeye akisoma kila mstari. Tulikwenda mjini Kisii mara tatu, tukaongea na mawakala watatu na dalali mmoja wa bima. Haya ndiyo tuliyojifunza.

La kwanza, anza na hatari, usianze na bei. Biashara za nyumbani hazifanani, na kila moja ina ajali yake. Tazama jirani zetu wa Tabaka, ambako mawe laini huchimbwa na kuchongwa, na ambako sanaa ya watu kama Elkana Ong'esa ilianzia hadi ikafika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Pale mume huchonga uani, mke na jamaa wakasugua kwa msasa na maji, wakapaka nta, na yote hayo hufanyika nyumbani. Je, mchongaji huyo ahitaji bima ya moto kwa ajili ya vinyago vyake? Jiwe haliungui. Lakini jiwe huvunjika, na safari kutoka Tabaka hadi Nairobi au Mombasa ni ndefu. Huyo kinga yake ya kwanza ni ya bidhaa zilizo safarini. Na kama ana vijana wanaomchimbia mawe, bima ya wafanyakazi ni ya lazima, kwa maana shimo la mawe huweza kuporomoka. Yule apikaye keki na maandazi ya kuuza harusini, hatari yake kubwa huenda isiwe moto, bali ni mgeni atakayeugua tumbo na kumshtaki. Huyo ahitaji bima ya dhima kwa umma na kwa bidhaa zake. Sisi wa nyuzi na vitambaa, moto na wizi ndio maadui. Anayenunua bima kwa kuwa jirani amenunua ni sawa na anayekunywa dawa kwa kuwa jirani amepona.

La pili, taja biashara yako kwa jina lake na mahali pake. Ziko kampuni zinazokubali kuiongeza biashara ndogo katika bima ya nyumba kwa ada ya ziada, na ziko zinazotaka mkataba wa pekee wa biashara ndogo, ambao hukusanya pamoja moto, wizi, wafanyakazi na dhima. Lolote kati ya hayo ni halali, mradi liwe kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ya wakala haiungui motoni, lakini hailipwi pia.

La tatu, hesabu mali yako kweli kweli, tena uihesabu katika mwezi ambao imejaa zaidi. Mshonaji wa sare za shule ana akiba ndogo mwezi wa Juni na akiba kubwa mwezi wa Januari. Akikata bima kwa hesabu ya Juni, kisha moto umkute Januari, kanuni ya uwiano itampunja kama ilivyonipunja mimi. Uliza pia ikiwa kampuni italipa bei ya mashine mpya au bei ya mashine iliyochakaa, kwa kuwa tofauti ya hizo mbili yaweza kuwa ndiyo tofauti ya kufungua biashara tena na kutoifungua. Tena uwe na daftari la mali, na risiti zake, na daftari hilo lisikae katika chumba hicho hicho.

La nne, soma yaliyotengwa kabla ya yaliyoahidiwa. Bima ya wizi kwa kawaida hulipa pale tu penye dalili za kuvunja. Mlango ulioachwa wazi, au mfanyakazi aliyebeba vitu polepole, havimo. Fujo za kisiasa mara nyingi hutengwa, na huhitaji kinga ya ziada. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyabiashara wengi wa nchi hii waliokuwa na bima ya moto waliligundua jambo hilo wakiwa wamesimama juu ya majivu. Hasara ya kukaa bila kazi, miezi ile ambayo mashine hazipo na wateja wanakwenda kwingine, nayo ina bima yake tofauti, na wengi wetu hatujapata hata kuisikia.

La tano, ichunguze kampuni kama unavyomchunguza mchumba. Kampuni za bima nazo huanguka. Shirika la bima la serikali, Kenya National Assurance, liliporomoka mwaka 1996. United Insurance ikawekwa chini ya msimamizi mwaka 2005. Blue Shield ikafuata mwaka 2011. Mamlaka ya Udhibiti wa Bima hutoa orodha ya kampuni na mawakala walioruhusiwa kufanya kazi. Jina lisilokuwamo humo usilipe fedha zako. Upo pia mfuko wa kuwafidia wenye bima ambao kampuni zao zimeanguka, na kila mmoja wetu huuchangia robo ya asilimia moja ya ada yake. Lakini fidia yake ina kikomo, kwa hiyo usiufanye kuwa sababu ya kutochunguza.

La sita, lipa kabla ya kulala. Sheria ya Bima ya Kenya hairuhusu kampuni kuibeba hatari kabla ya ada kupokewa. Asiyelipa hana bima, hata kama ana karatasi nzuri ukutani. Na msiba ukitokea, toa habari mara moja, usihamishe kitu kabla ya mkadiriaji kukiona, na ujue kwamba kampuni ikishalikubali dai lako, sheria imeipa siku 90 za kulipa.

Mkataba tuliouchukua hatimaye ulikuwa wa ada ya shilingi elfu tisa na ushei kwa mwaka. Mke wangu aliigawanya hesabu hiyo kwa siku, akapata takriban shilingi 25. Akanionyesha karatasi bila kusema neno. Nami nilielewa. Tofauti kati ya ada hiyo na ile ya kwanza, niliyoiona kuwa akiba kubwa, haikuzidi bei ya kikombe cha chai kwa siku.

Wapo watakaoniambia kwamba bima ni mambo ya matajiri, au ni ulaghai mtupu, na kwamba barua niliyopokea ni ushahidi wao. Nawaelewa. Michango ya bima katika nchi yetu haifikii hata asilimia 3 ya pato la taifa, na sababu moja ni kwamba kila kijiji kina mtu mwenye hadithi kama yangu. Lakini wazo lenyewe si geni kwetu. Wazee wa Gusii walikuwa na egesangio, kikundi cha majirani waliolimiana mashamba kwa zamu, na risaga, ambapo kijiji kizima kiliitwa kwa kazi iliyomshinda mmoja. Aliyeugua wakati wa palizi hakukosa mahindi, kwa kuwa jembe la mwenzake lilimlimia. Bima ni hesabu hiyo hiyo, ila majirani ni wengi kuliko tuwezavyo kuwajua, na kwa sababu hatujuani, imetubidi kuuandika uaminifu ambao zamani ulionekana kwa macho. Katika egesangio, aliyeficha ukubwa wa shamba lake aligunduliwa asubuhi ya kwanza. Katika bima hugunduliwa siku ya msiba.

Hata hivyo, lawama isibaki kwa mnunuzi pekee. Kampuni za bima zauza kinga kwa watu wanaonena Kiswahili na Ekegusii, kisha zawaandikia mikataba kwa Kiingereza ambacho hata sisi walimu tunakisoma mara mbili. Humlipa wakala kwa kila mkataba anaouleta, bila kumwuliza aliuletaje. Mke wangu alisoma hadi darasa la nane, naye ni mwerevu kunishinda katika hesabu. Iweje asiweze kuusoma mkataba unaolinda jasho lake? Ukurasa mmoja tu wa Kiswahili, unaosema yaliyomo, yaliyotengwa na la kufanya msiba ukitokea, ungezuia magomvi mengi kuliko mawakili kumi. Mdhibiti angelifanya hilo kuwa sharti, hakuna ambaye angemlaumu.

Na sisi walimu tunayo sehemu yetu. Tumeifundisha bima kama orodha ya kukariri: kanuni tano, mifano mitano, alama kumi. Hatujawahi kumpa mwanafunzi fomu halisi aijaze kwa ajili ya biashara ya mamake. Mtoto wa Nyamarambe aendaye nyumbani jioni na kumkuta mamake akishona, au babake akichonga, ana somo zima la bima mbele ya macho yake. Tumtume akahesabu mali iliyomo, ataje hatari tatu, aulize ni nani afanyaye kazi pale na angelindwa na nini akiumia. Huenda mtoto huyo ndiye atakayeliuliza swali ambalo mzazi wake hakuthubutu kuuliza.

Mwaka uliofuata ule moto, nilifika tena kwenye mada ya bima darasani. Niliandika ubaoni "uaminifu kamili", kisha nikaiweka chaki chini, nikawasimulia yote niliyoyasimulia hapa. Palikuwa kimya. Hatimaye msichana mmoja wa dawati la mbele akainua mkono, akauliza kwa heshima, "Mwalimu, yule dada aliyeungua mkono, yeye alitia sahihi wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa, isipokuwa kwamba hakutia sahihi popote. Niliyetia sahihi ni mimi.